Fidia ya majeraha na kodi ya mapato: namna ya kuandika makubaliano kabla ya kutia saini

Mtu aliyevunjika mguu kwenye barabara ya Mtwara kwenda Masasi hupitia mengi kabla ya kuiona fidia. Huanza na polisi na fomu ya PF3, ile ambayo polisi humpa majeruhi aende nayo hospitali, hulazwa hospitali ya Ligula au ya Ndanda, hurudi kliniki mwezi baada ya mwezi, kisha huingia katika safari ndefu ya barua baina yake na kampuni ya bima ya gari lililomgonga. Siku fedha inapokaribia kutoka huwekewa mezani hati yenye kiasi kimoja tu cha fedha, ile ambayo watu wa bima huiita dischaji vocha, akaambiwa atie saini kwamba amelipwa na hana madai mengine. Wakati huo kodi haimo kabisa akilini mwake, wala hakuna anayemkumbusha. Hukumbuka miezi mingi baadaye, afisa wa kodi anapomuuliza fedha iliyoingia benki imetoka wapi na imelipwa kwa ajili ya nini, na hati aliyoisaini haina jibu la swali la pili.

Mwongozo huu unahusu hati hiyo. Kodi ya fidia ya majeraha katika Tanzania Bara haiamuliwi na ukubwa wa fedha, wala na ukubwa wa jeraha, bali na kile ambacho kila sehemu ya fedha hiyo inafidia. Kwa sababu hiyo, mahali pa kulishughulikia suala la kodi ni kwenye maneno ya makubaliano, kabla kalamu haijagusa karatasi.

Sheria inaangalia chanzo

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inatoza kodi mapato yanayotokana na vyanzo vitatu, yaani ajira, biashara na uwekezaji. Malipo yasiyotoka katika chanzo chochote kati ya hivyo hayana mlango wa kuingilia kwenye hesabu ya kodi. Fedha anayolipwa mtu kwa maumivu, kwa kidole kilichokatika, kwa kovu la usoni au kwa kushindwa kupiga magoti wakati wa sala si ujira wa kazi, si faida ya biashara, wala si pato la kitu alichowekeza.

Wapo wanaouliza kama kupokea fedha kwa kupoteza kiungo kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuuza mali, hivyo kukatwa kodi ya mtaji, yaani ile inayotozwa kwenye faida ya kuuza mali. Swali hilo ni la haki na jibu lake linatuliza moyo. Rasilimali za uwekezaji zinazotajwa na sheria ni vitu kama hisa, dhamana za kampuni na maslahi katika ardhi na majengo, na mwili wa binadamu haumo. Hapo ndipo fidia ya majeraha inapoachana na fidia ya ardhi, ambayo watu wa Likong'o na maeneo jirani ya Lindi waliijua walipopisha mradi wa kusindika gesi asilia. Ardhi ni rasilimali, na fidia yake ina kanuni zake. Uzoefu wa jirani aliyelipwa kwa shamba la mikorosho hauwezi kuwa dira kwa aliyelipwa kwa mguu.

Upo upande wa pili, nao ndio unaowakwaza watu. Sheria hiyo hiyo ina kanuni kwamba malipo ya fidia, yakiwamo ya bima, yanayochukua nafasi ya mapato ambayo yangetozwa kodi, huhesabiwa kama mapato hayo yenyewe. Vivyo hivyo, ukirudishiwa gharama ambayo ulikwisha kuitoa kwenye hesabu ya biashara ili kupunguza kodi, marejesho hayo huingia tena kwenye mapato. Kwa maneno mepesi, fidia huvaa sura ya kile inachokifidia. Ikifidia mshahara huwa mshahara, ikifidia faida ya duka huwa faida ya duka, na ikifidia maumivu hubaki kuwa ya maumivu, ambayo hayatozwi.

Hapa niweke tahadhari kwa wanaotafuta majibu kwenye intaneti. Kurasa nyingi zinazojitokeza zinaeleza sheria ya Marekani, ambako sehemu ya 104 ya sheria yao ya mapato inaondoa kodi kwenye fidia ya majeraha ya mwili au ugonjwa, wakati fidia ya adhabu, yaani ile ya kumwadhibu mkosaji, hutozwa. Watu wa huko wanafaidika na kifungu kilichoandikwa wazi kwa ajili ya jambo hilo. Hapa kwetu msamaha huo hautokani na kifungu cha namna hiyo, unatokana na kukosekana kwa chanzo, na tofauti hiyo ni kubwa: nani amelipa na kwa ajili ya nini ni mambo ambayo mlipakodi mwenyewe anapaswa kuwa tayari kuyaonyesha.

Tuipasue hesabu ya mtu mmoja

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mwenye duka la rejareja Masasi, anayetunza vitabu vya hesabu, aliyegongwa na lori akiwa kwenye pikipiki anayoitumia kufuata bidhaa. Amekubaliana na bima ya lori kulipwa shilingi 24,000,000. Ukiifungua bahasha yake ya nailoni utakuta PF3, picha za eksirei, cheti cha daktari kinachotaja kiwango cha ulemavu, risiti za hospitali na za fundi, na daftari la mauzo. Kutokana na makaratasi hayo kiasi hicho kinagawanyika hivi: shilingi 3,200,000 ni gharama za matibabu, 1,800,000 ni matengenezo ya pikipiki, 4,000,000 ni faida aliyoikosa kwa miezi ambayo duka lilifungwa, na 15,000,000 ni maumivu pamoja na ulemavu wa kudumu wa mguu.

Zile 15,000,000 hazitozwi, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Zile 3,200,000 za matibabu nazo hazitozwi, kwani ni fedha yake binafsi iliyotoka mfukoni ikarudi mfukoni, na hakuwahi kuipunguza kwenye hesabu ya duka. Kwa pikipiki inabidi kutazama vitabu. Kama matengenezo aliyaandika kuwa gharama za biashara, marejesho yake yanaingia kwenye mapato ya biashara, na kama pikipiki ingekuwa imeharibika kabisa, malipo yake yangeshughulikiwa kama malipo ya kuondokewa na mali ya biashara iliyokuwa ikihesabiwa uchakavu. Zile 4,000,000 za faida iliyokosekana ni mapato ya biashara moja kwa moja, naye anapaswa kuziingiza katika ritani yake, yaani taarifa ya mapato anayoiwasilisha kwa watoza kodi.

Kwa hiyo, kati ya milioni 24, zinazogusa kodi haziwezi kuzidi shilingi 5,800,000. Lakini hayo yote yanategemea kama mgawanyo umeandikwa. Kama hati inasema tu kwamba mlipwaji "amepokea shilingi 24,000,000 kwa kumaliza madai yake yote", na fedha hiyo ikaingia kwenye akaunti ile ile inayopokea mauzo ya duka, afisa anayekagua taarifa ya benki anaona ingizo kubwa ndani ya akaunti ya biashara. Ana haki ya kuuliza. Katika mashauri ya kodi, mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio ya kodi yamezidi uko kwa mlipakodi, hauko kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na mtu hawezi kuubeba mzigo huo kwa hati yenye sentensi moja.

Aliyeumia kazini

Mfanyakazi wa bandari, wa kiwanda, wa ghala la korosho au wa shule binafsi anaweza kupokea fedha za aina tatu kufuatia ajali moja, na kila moja ina njia yake.

Ya kwanza ni mshahara wa likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Huo ni mshahara, hata kama aliyeupokea alikuwa amelala na plasta mguuni, na unakatwa kodi kama kawaida. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, sehemu ya mshahara wa mwezi isiyozidi shilingi 270,000 haitozwi, na kutoka hapo hadi 520,000 kiwango ni asilimia 8, kisha asilimia 20 hadi 760,000, asilimia 25 hadi 1,000,000, na asilimia 30 juu ya hapo. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000, baada ya kuondolewa asilimia 10 ya mchango wa hifadhi ya jamii, anabaki na 720,000, na kodi yake ni shilingi 60,000. Anapoingia kwenye nusu mshahara, yaani 400,000, baada ya mchango anabaki na 360,000, na kodi inayostahili ni shilingi 7,200 tu. Naomba msomaji azikague hati zake za mshahara za miezi hiyo kwa macho yake mwenyewe, kwa sababu mhasibu anayeendeleza kato la zamani kwa mazoea anamnyima mgonjwa fedha anayoihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Ya pili ni mafao ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa Sheria Namba 20 ya mwaka 2008. Mchango wake hulipwa na mwajiri, na mfanyakazi hapaswi kukatwa chochote. Mfuko hulipa matibabu, hulipa asilimia 70 ya kipato kwa ulemavu wa muda, na kwa ulemavu wa kudumu hulipa mkupuo mmoja pale kiwango kisipozidi asilimia 30, au pensheni ya kila mwezi kinapozidi hapo. Matibabu na malipo ya ulemavu wa kudumu yanafidia mwili, wakati malipo ya ulemavu wa muda yanashika nafasi ya mshahara, kwa hiyo usiyachanganye katika kumbukumbu zako. Omba mchanganuo wa kila malipo. Ukiona kato ambalo hulielewi, andika barua ukiulizia limefanywa kwa kifungu gani, kisha itunze barua hiyo pamoja na majibu yake.

Ya tatu ndiyo ninayoihofia zaidi, nayo ni fedha ambayo mwajiri hutoa mwenyewe, nje ya WCF, ili yaishe. Malipo yoyote ambayo mwajiri humpa mfanyakazi kwa sababu ya ajira yake huanza na dhana kwamba ni mapato ya ajira. Barua ikisema "asante kwa utumishi wako", au "kiinua mgongo", au "malipo ya kusitisha ajira", basi imekwisha kuivalisha fedha hiyo sare ya mshahara, na malipo ya kupoteza kazi yanatozwa kodi. Kama kiini cha malipo ni uzembe wa mwajiri uliosababisha mashine kumkata mtu vidole, barua iseme hivyo: itaje tarehe ya ajali, itaje jeraha, na iseme kwamba malipo ni kwa ajili ya madhara ya mwili na wala si ya kazi iliyofanyika au iliyokoma. Ikiwa mtu anaumia na pia anaachishwa kazi, ziandikwe hati mbili, au aya mbili zenye kiasi tofauti. Jambo hili lisemwe kwa ukweli. Kuuita mshahara "maumivu" ili kukwepa kodi ni udanganyifu, na ni rahisi kugundulika kwa kuwa cheti cha daktari kitakuwa kimya.

Gharama za hospitali ambazo mwajiri amezilipa hazihesabiwi kuwa mapato ya mfanyakazi, mradi ni za matibabu yake, mwenzi wake au watoto wao wasiozidi wanne, na mradi utaratibu huo upo kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi. Kwa askari, pensheni au kiinua mgongo kinachotolewa kwa majeraha au ulemavu uliosababishwa na vita kimesamehewa kodi waziwazi, jambo lenye uzito katika mkoa wa Mtwara, wenye makaburi ya mashujaa pale Naliendele.

Namna ya kuiandika hati

Ukishapata ofa, usikatae wala usikubali siku hiyo hiyo. Jibu kwa barua fupi kwamba unaomba mchanganuo, na ambatanisha wa kwako uliojengwa juu ya vithibitisho. Anza na unachoweza kukihesabu: risiti, nauli za kliniki, mshahara uliokatwa, mauzo yaliyopotea. Baki iliyo juu ya hapo ndiyo fidia ya jumla ya maumivu na ulemavu, na ndiyo inayohitaji cheti cha daktari chenye kiwango cha ulemavu. Aya ya kuingizwa kwenye makubaliano inaweza kusomeka hivi:

"Pande zote mbili zinakubaliana kwamba jumla ya shilingi 24,000,000 inayolipwa chini ya hati hii inafidia madhara yaliyotokana na ajali tu, kwa mgawanyo ufuatao: shilingi 15,000,000 kwa maumivu na ulemavu wa kudumu wa mguu wa kulia, shilingi 3,200,000 kwa marejesho ya gharama za matibabu, shilingi 1,800,000 kwa matengenezo ya chombo, na shilingi 4,000,000 kwa mapato ya biashara yaliyokosekana."

Kampuni ya bima ikisema fomu yake haina nafasi ya maneno hayo, omba yawekwe kwenye kiambatisho kinachotiwa saini na pande zote na kutajwa ndani ya fomu. Shauri likiwa limefika mahakamani, kwa mfano katika Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara inayohudumia mikoa ya Mtwara na Lindi, wakili aandae hati ya maridhiano yenye mgawanyo huo ili iwe sehemu ya tuzo, yaani amri ya mahakama ya kulipwa. Mwombe pia aweke riba katika mstari wake. Riba ya tuzo, ambayo kwa kawaida ya mashauri ya madai ni asilimia 7 kwa mwaka tangu siku ya hukumu, haifidii mguu, inafidia kucheleweshewa fedha, na riba kwa asili yake ni mapato ya uwekezaji. Ikichanganywa na kiini cha tuzo, inakitia doa kile ambacho hakikuwa na shaka.

Hayo yote yafanyike ndani ya muda. Madai ya madhara yasiyotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 3, na mtu asiyefungua shauri kwa sababu bado anajadiliana na bima anaweza kujikuta amebaki na mchanganuo mzuri lakini hana haki ya kudai.

Kuhusu ada ya wakili, fedha ikipitia kwenye akaunti yake naye akakuletea baki, omba taarifa inayoonyesha kiasi chote kilicholipwa na kilichokatwa. Sehemu ya fidia inayotozwa kodi haipungui kwa sababu tu fedha imepitia mkono mwingine kabla ya kukufikia.

Fedha ikishaingia

Fungua akaunti ya peke yake kwa ajili ya fidia, isiyo ya duka wala ya kupokelea malipo ya korosho, na mwombe mlipaji aandike neno fidia na namba ya madai kwenye maelezo ya muamala. Hatua hii ndogo ni ngao kubwa.

Fidia isiyotozwa kodi haiambukizi msamaha huo kwa kile itakachozalisha. Ukiiweka benki kama amana ya muda maalumu, riba itakatwa asilimia 10 na benki yenyewe, na kwa mtu binafsi kodi hiyo inakuwa imemalizika hapo. Ukinunua bajaji mbili za kubeba abiria kutoka stendi hadi Shangani, mapato yake ni ya biashara. Ukijenga vyumba vya kupangisha Chikongola, pango utakalolipwa na wapangaji lina kodi yake. Nimewahi kumwona baba mmoja akishangaa kwa uchungu kwamba "fedha ya mguu wake" inatozwa, na ilihitaji muda mrefu wa kukaa naye kumwonyesha kwamba mguu haukuguswa, kilichotozwa ni pango la nyumba.

Kama kiasi ni kikubwa, au kama mgawanyo una sehemu ambayo wewe na mhasibu wako hamkubaliani, sheria ya usimamizi wa kodi inakuruhusu kumwandikia Kamishna Mkuu wa TRA kuomba uamuzi wa maandishi kuhusu jambo lako mahususi. Weka ukweli wote na nakala ya hati, kwa sababu uamuzi huo unaifunga Mamlaka pale tu ulipojengwa juu ya maelezo kamili na sahihi. Ofisi za TRA za Mtwara na Lindi zitakuelekeza namna ya kuwasilisha, lakini jibu la mdomo la dirishani, hata likitolewa kwa nia njema, halitakusaidia mbele ya mkaguzi atakayekuja baada ya miaka mitatu.

Ukiletewa makadirio usiyokubaliana nayo, una siku 30 tangu kuyapokea za kuwasilisha pingamizi. Pamoja na pingamizi unatakiwa kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokibishania, kutegemea kipi ni kikubwa, ingawa unaweza kuomba kwa maandishi kupunguziwa au kuondolewa sharti hilo ukiwa na sababu za msingi. Aliyelipwa fidia na kuimalizia kwenye matibabu ana sababu ya kuandika, na aiambatanishe na vithibitisho. Usiporidhika na uamuzi wa pingamizi, unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, pia ndani ya siku 30.

Kumbukumbu za kodi zinapaswa kutunzwa kwa miaka isiyopungua 5. Hapa liko jambo linalowaponza wengi katika mikoa yetu ya pwani: risiti za EFD, zile mashine za kielektroniki za kutolea risiti za kodi, huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na bahasha ya nailoni iliyowekwa juu ya kabati chini ya bati la Mtwara inaweza kutoa, baada ya misimu miwili ya korosho, vipande vyeupe visivyo na herufi hata moja. Toa fotokopi ya kila risiti wiki ile ile uliyoipokea, ipige na picha kwa simu, kisha nakala moja ya hati ya makubaliano, cheti cha daktari na PF3 iwekwe kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine.